Punje Iliyoungua na Historia ya Pwani: Jinsi Nafaka za Kale Zinavyotambuliwa

Utangulizi

Anayechunguza historia ya Waswahili huviendea kwa kawaida vyanzo vitatu, yaani isimu linganishi, maandishi ya wasafiri wa zamani, na masimulizi ya wenyeji wenyewe. Kipo chanzo cha nne ambacho hatujakizoea sana katika madarasa ya Kiswahili. Chanzo hicho ni punje za nafaka na mbegu nyinginezo zilizoungua katika meko ya watu wa kale, zikatupwa jaani pamoja na jivu, zikafukiwa na udongo, na kuchimbuliwa na wanaakiolojia baada ya mamia au maelfu ya miaka. Punje hizi ni nyeusi kama makaa, ni nyepesi, na aghalabu huwa zimepasuka au kuvunjika. Baadhi yake hazizidi upana wa milimita moja au mbili. Pamoja na udogo wake, zimetumiwa kujibu maswali ambayo maandishi na masimulizi hayakuweza kuyajibu peke yake. Watu wa pwani walikula nini katika karne ya 8? Mpunga ulichukua lini nafasi ya mawele? Kunde zilifika lini katika nchi ambayo leo ni magharibi mwa Kenya?

Makala haya yananuia kueleza jinsi punje hizo zinavyohifadhika, zinavyokusanywa na zinavyotambuliwa, kisha kutathmini yale ambayo zimetufunza kuhusu Afrika Mashariki. Hoja inayoongoza makala ni kwamba kuitambua punje ni aina ya usomaji. Kama ulivyo usomaji wa mswada uliochakaa, kazi hii ina kanuni zake, ina mashaka yake, na ina mahali ambapo msomaji mwaminifu hulazimika kunyamaza. Aidha, kwa kuwa hitimisho zima hutegemea jina linalopewa punje, sisi tunaoandika na kufasiri kwa Kiswahili tuna dhamana ya pekee: jina likikosewa, historia nayo hukosewa.

Kwa Nini Punje Iliyoungua Hudumu

Mbegu ya kawaida ikiachwa udongoni ama huota, ama huoza, ama huliwa na wadudu. Katika nchi zenye ukavu mkubwa, mimea huweza kukauka na kudumu jinsi ilivyo. Ndiyo maana mwaka 1826 Mjerumani Carl Kunth aliweza kuchunguza mabaki ya mimea yaliyotolewa katika makaburi ya Misri. Katika matope yasiyopenya hewa pia mimea hudumu, kama alivyoonyesha Oswald Heer mwaka 1865 alipochunguza mabaki ya vijiji vya kale vya kando ya maziwa ya Uswisi. Hali hizi mbili ni nadra katika mwambao wetu wenye joto na mvua. Kwetu sisi, njia kuu ya kuhifadhika ni moto.

Jambo hili huonekana kama kinaya, kwa sababu moto ndio unaoangamiza. Ufafanuzi wake ni kwamba punje ikiungua mahali penye hewa tele, hugeuka jivu na kutoweka. Lakini ikifunikwa na jivu au ikiangukia chini ya kuni, pasipo oksijeni ya kutosha, hugeuka kaboni. Kaboni haina lishe kwa viumbe vidogo vinavyoozesha vitu, na kwa hiyo hukaa udongoni bila kuliwa. Yeyote aliyewahi kukwangua ukoko uliokuwa mweusi kabisa chini ya sufuria ameona mfano mdogo wa jambo hili: rangi na ladha zimekwenda, ila umbo la punje za wali bado linaonekana. Majaribio ya kuunguza nafaka za kisasa katika tanuri yanaonyesha kuwa mabadiliko haya hutokea hasa katika joto la kati ya nyuzi 200 na 400 hivi za Selsiasi. Joto likizidi au moto ukikaa sana, punje huvimba, hupasuka na hatimaye husagika.

Hapa ndipo panapoibuka tahadhari ya kwanza. Moto hauhifadhi vyakula vyote kwa usawa. Nafaka hukaangwa, hukaushwa na kupikwa karibu na moto, na wanga wake mgumu hustahimili joto. Mbegu zenye mafuta mengi hupasuka kwa urahisi zaidi. Ndizi, viazi vikuu na magimbi huacha alama chache mno. Al-Mas'udi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 10, anataja miongoni mwa vyakula vya watu wa Zanji ndizi, nafaka aliyoiita dhura, na mmea wa kuchimbwa ardhini ulioitwa kalari. Kati ya vitu hivyo vitatu, ni dhura pekee inayoweza kutazamiwa kuacha punje nyingi katika jivu. Kwa hiyo, anayetegemea punje peke yake angedhani kuwa watu hao walikula nafaka tu. Kutoonekana kwa kitu katika makaa si uthibitisho kwamba hakikuliwa.

Kutoka Udongoni hadi Kwenye Hadubini

Kwa muda mrefu wachimbaji hawakuziona punje hizi kwa sababu hazionekani kwa macho katika udongo mweusi. Mabadiliko yalikuja pale mbinu ya kueleza udongo katika maji ilipoenea. Makala ya Mmarekani Stuart Struever ya mwaka 1968 ni miongoni mwa yaliyoipa mbinu hiyo umaarufu. Kanuni yake ni nyepesi: kaboni iliyokauka huelea majini, udongo na mawe huzama.

Udongo wa kila tabaka, kila shimo na kila meko huchukuliwa kando na kupimwa kwa lita. Kisha humiminwa katika ndoo ya maji na kukorogwa taratibu. Yanayoelea humwagwa juu ya chujio lenye matundu madogo sana, ya robo hadi nusu milimita hivi. Mabaki hayo huanikwa kivulini, kwa sababu yakikauka haraka juani hupasuka. Yaliyozama nayo huchekechwa ili kuokoa mifupa midogo, shanga na mbegu nzito. Kupima lita ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Punje 50 kutoka lita 10 za udongo na punje 50 kutoka lita 500 hazisemi jambo moja.

Baada ya hapo kazi huhamia maabarani. Mtafiti humimina makaa katika kisahani na kuyachambua chini ya hadubini kwa brashi laini, punje baada ya punje, mithili ya mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Tofauti ni kwamba huyu hatupi makapi. Kumvi, vikonyo na vipande vya mashuke huwekwa kando kwa uangalifu uleule unaowekewa punje, kwa sababu ambazo tutazieleza.

Alama za Utambuzi

Punje iliyoungua imepoteza rangi, harufu na mara nyingi ngozi. Kilichobaki ni umbo, ukubwa, mikunjo ya uso, mahali pa kiinitete, na kovu la kikonyo pale punje iliposhikana na mmea. Mtafiti huzilinganisha alama hizi na mkusanyo wa mbegu za kisasa ambazo majina yake yanajulikana bila shaka, na ambazo baadhi yake zimeunguzwa kwa makusudi ili zifanane na zile za kale. Bila mkusanyo huo hakuna utambuzi, kama vile hakuna uhakiki wa mswada bila kujua mwandiko wa zama zake.

Tuchukue nafaka nne zinazojulikana katika Afrika Mashariki. Punje ya mtama ni nene, inakaribia umbo la mviringo, na kiinitete chake hushika karibu nusu ya urefu wake au zaidi. Punje ya mawele ina umbo la tone la maji: juu ni pana na butu, chini imechongoka, na kiinitete chake ni kirefu. Wimbi, ambalo wenzetu wengi wa Tanzania huliita ulezi, ni dogo kuliko hizo zote. Ni mviringo, aghalabu haufiki milimita mbili, na ngozi yake ina vinundu vidogo vilivyojipanga kwa safu. Punje ya mchele ni ndefu, imebanwa ubavuni, ina matuta membamba yanayokwenda kwa urefu, na kiinitete chake kimekaa mshazari kwenye pembe ya chini.

Katika mikunde kazi ni ngumu zaidi. Kunde na choroko zikiungua hupoteza ngozi yenye kovu na kugawanyika nusu mbili. Hapo mtafiti huangalia ukubwa, umbo la kila nusu, na urefu wa chipukizi changa lililolala baina yake, kama alama yake bado ipo.

Maelezo haya yanaweza kumpa msomaji dhana kwamba kila punje hujitambulisha mara moja. Hali halisi sivyo. Moto huvimbisha punje na kuibadilisha umbo: punje nyembamba hunenepa, iliyochongoka huwa butu. Kiinitete hudondoka na kuacha shimo. Mawele yaliyovimba yanaweza kukaribia umbo la mtama mdogo. Kwa sababu hiyo, alama moja haitoshi. Utambuzi hujengwa juu ya alama kadhaa zinazokubaliana.

Mbegu ya Mwituni na Mbegu ya Shambani

Kujua kwamba punje ni ya mtama hakutoshi, maana mtama wa mwituni upo Afrika na watu waliuokota kabla ya kuulima. Swali la pili, basi, ni iwapo mmea ulikuwa wa kufugwa shambani au wa porini. Hapa ndipo makapi yanapokuwa na thamani kuliko punje.

Nyasi ya mwituni ikiiva, mbegu zake hupukutika zenyewe. Hiyo ndiyo njia yake ya kuzaliana. Mkulima anayevuna mashuke hupata zaidi zile mbegu zilizong'ang'ania, na hizo ndizo anazozipanda msimu unaofuata. Vizazi vingi vikipita kwa namna hii, shamba hujaa mimea isiyopukutika, ambayo lazima ipurwe ili itoe punje. Tofauti hiyo huandikwa kwenye kitako cha kumvi: mmea wa mwituni huacha kovu laini, kwa sababu punje ilijiachia yenyewe, na mmea wa shambani huacha kovu lililochanika, kwa sababu punje ilibanduliwa kwa nguvu. Kovu lisilozidi milimita moja hueleza kama kulikuwa na mkulima.

Ushahidi wa aina hii si lazima uungue. Mashariki mwa Sudan, watu wa kale walichanganya makapi katika udongo wa kufinyangia vyungu. Makapi yaliungua chungu kilipochomwa, lakini alama zake zilibaki katika ufinyanzi. Winchell na wenzake (2017) walizichunguza alama hizo na kuonyesha kuwa mtama wa shambani ulikuwa tayari umeanza kujitenga na wa mwituni katika milenia ya nne kabla ya Kristo.

Mahali pa Kunyamaza

Wanaohakiki miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu wanafahamu tatizo la herufi moja kubeba sauti zaidi ya moja. Herufi ba, kwa mfano, iliweza kusimama mahali pa b, p au mb. Mhakiki huamua kwa kuangalia muktadha: maana ya ubeti, vina na mizani. Mtambuzi wa punje anakabiliwa na utata unaofanana na huo, lakini kuna tofauti moja kubwa ambayo inafaa kusisitizwa. Yeye hana ruhusa ya kuutumia muktadha kwa uhuru kama mhakiki. Akiona punje iliyoharibika katika mji wa Waswahili, hawezi kusema kuwa ni mchele kwa kuwa Waswahili hula wali. Kama Waswahili wa karne hiyo walikula wali au hawakula, hilo ndilo swali lenyewe. Akilijibu kwa mazoea, atakuwa amezunguka duara.

Kutokana na hali hii, majina hutolewa kwa viwango. Punje yenye alama zote hupewa jina kamili la spishi. Yenye alama pungufu hupewa jina la jenasi tu, au huandikwa kuwa "yafanana na" mmea fulani. Iliyoharibika zaidi huingizwa katika kundi la nafaka zisizotambulika. Kundi hilo la mwisho huwa kubwa katika maeneo mengi, na ukubwa wake si aibu. Ripoti isiyo na punje hata moja isiyotambulika inapaswa kutiliwa shaka.

Umri wa Punje

Punje inaweza kutambuliwa kwa usahihi na bado ikapotosha. Siafu, panya, mizizi na mashimo ya baadaye huweza kuiteremsha punje changa katika tabaka la kale. Mfano mashuhuri unatoka Wadi Kubbaniya, kusini mwa Misri. Mwaka 1979 Fred Wendorf na wenzake walitangaza katika jarida la Science kuwa shayiri ilikuwa imepatikana katika makazi ya watu walioishi takriban miaka 17,000 hadi 18,000 iliyopita. Kama ingekuwa kweli, historia ya kilimo duniani ingebidi iandikwe upya. Miaka ya baadaye ilipatikana mbinu ya kupima radiokaboni katika kipande kidogo mno cha kaboni, hata punje moja. Nafaka za Wadi Kubbaniya zilipopimwa zenyewe, badala ya makaa yaliyolala karibu nazo, zilionekana hazifiki miaka 5,000. Wendorf na wenzake walichapisha masahihisho hayo wenyewe mwaka 1984.

Tangu hapo, madai makubwa kuhusu nafaka ya kale hayapokelewi kwa urahisi hadi punje yenyewe ipimwe. Gharama yake ni kuwa punje inayopimwa huharibiwa. Kwa sababu hiyo hupigwa picha, hupimwa urefu na upana, na kuelezwa kwa ukamilifu kabla haijapelekwa.

Pemba, Komoro na Kakapel

Baada ya kueleza mbinu, tuangalie matunda yake. Katika kisiwa cha Pemba, Sarah Walshaw (2010) alichunguza punje kutoka makazi kadhaa, yakiwemo Tumbe, kijiji kikubwa kilichositawi kabla ya karne ya 11, na Chwaka, mji uliofuata uliokuwa na misikiti ya mawe. Alibaini kwamba katika kipindi cha mwanzo mawele ndiyo yaliyoongoza, na mpunga ulikuwepo kwa uchache. Kuanzia karne ya 11 mpunga ulipanda na kuwa nafaka kuu. Walshaw anayahusisha mabadiliko haya na kukua kwa miji, karamu za wenye uwezo na kuenea kwa Uislamu. Wali, ambao leo ni nembo ya meza ya Mswahili, haukuwa chakula chake kikuu tangu mwanzo. Ibn Battuta alipokirimiwa wali wa samli huko Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ambayo pwani ilikuwa imeijenga hatua kwa hatua.

Uchunguzi wa pili ni mpana zaidi. Alison Crowther na wenzake (2016) walilinganisha mabaki ya mimea kutoka maeneo 18 ya bara, mwambao, visiwa vya jirani, Komoro na Madagaska. Katika mwambao wa Afrika na visiwa vyake vya karibu, mimea ya Kiafrika ndiyo iliyotawala: mtama, mawele, kunde na mibuyu. Komoro na Madagaska zilitoa sura nyingine, kwani huko mpunga wa Asia na choroko ndivyo vilivyoongoza tangu karne ya 8 hadi ya 10 hivi. Wanaisimu walikuwa wamejua kwa muda mrefu kuwa Kimalagasi ni lugha ya Kiaustronesia. Otto Dahl alionyesha mwaka 1951 ukaribu wake na Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Kilichokosekana kilikuwa ushahidi wa ardhini, na punje zikautoa.

Komoro, hata hivyo, inatupa funzo gumu zaidi. Wakaazi wake wa leo huzungumza Kikomoro, ambacho ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Kisabaki pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Iweje watu wa lugha ya Kibantu wawe juu ya tabaka lenye nafaka za Asia? Crowther na wenzake wanapendekeza kuwa wasemaji wa lugha za Kiaustronesia walifika Komoro pia, ingawa lugha yao haikusalia huko. Lugha inaweza kuhama bila chakula, na chakula kinaweza kuhama bila lugha. Kimalagasi chenyewe humwita ng'ombe omby, neno lenye asili ya Kibantu, katika nchi ambayo nafaka yake kuu ilitoka Asia.

Mfano wa tatu uko nchini Kenya. Katika pango la Kakapel, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda, watafiti wakiongozwa na Natalie Mueller, wakishirikiana na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walikusanya mbegu kutoka matabaka ya nyakati mbalimbali na kutangaza matokeo yao mwaka 2024. Punje ya kunde iliyopimwa yenyewe ilikuwa na umri wa takriban miaka 2,300. Wimbi lilionekana kufikia miaka 1,000 iliyopita. Kadhalika zilipatikana mtama na njegere. Haya ni miongoni mwa matokeo ya zamani zaidi ya mimea ya shambani katika Afrika Mashariki yaliyothibitishwa kwa kupima mbegu zenyewe.

Punje na Neno

Matokeo ya Kakapel yanavutia kwa mwanaisimu, kwa kuwa shina la neno kunde ni miongoni mwa mashina yanayorejeshwa hadi Kibantu cha kale, na watafiti wamezihusisha kunde hizo na kufika kwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Uhusiano huo ni wa busara, lakini ni uhusiano unaopendekezwa. Punje haisemi lugha. Aliyeipika anaweza kuwa alinunua, alibadilishana au alioa katika jamii nyingine.

Njia bora ni kuyapima maneno na punje kwa pamoja. Kahlheber, Bostoen na Neumann (2009) walifanya hivyo kusini mwa Kamerun, ambako punje za mawele za kati ya mwaka 400 na 200 kabla ya Kristo zilipatikana katika eneo ambalo leo ni msitu wa mvua usiofaa kwa zao hilo. Waliusoma ushahidi huo sambamba na urejeshaji wa msamiati wa nafaka katika lugha za Kibantu. Kila upande uliulizwa maswali na upande wa pili.

Neno nalo lina udhaifu wake. Tukilifuata jina mahindi peke yake, tutafikishwa Uhindini, na kumbe mmea wenyewe asili yake ni Marekani na haukuvuka Bahari ya Atlantiki kabla ya mwaka 1492. Jina linahifadhi yale ambayo watu waliamini kuhusu njia ya zao, wala si lazima lihifadhi chimbuko lake. Punje ya mhindi ikipatikana katika tabaka la karne ya 9 mahali popote katika pwani yetu, jibu la kwanza ni kuwa imeteremka kutoka juu.

Katika upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambayo taaluma hii inaihitaji. Lugha yetu haimwiti mpunga, mchele na wali kwa jina moja. Tofauti hiyo ndiyo anayoitafuta mtafiti chini ya hadubini. Punje yenye kumvi ni mpunga, ambao huenda uliungua ghalani. Punje iliyokobolewa ni mchele, ambao huenda ulimwagika karibu na chungu. Bonge la punje zilizoshikana ni wali au ukoko. Kumvi nyingi bila punje zinaonyesha mahali pa kutwangia. Tuna kupura, kutwanga, kupeta na kuchekecha. Tuna kumvi, kapi, wishwa, pumba na chenga. Kila neno ni hatua katika safari ya nafaka kutoka shambani hadi mdomoni, na kila hatua huacha takataka zake za pekee.

Hatari iko katika tafsiri. Ripoti nyingi za uchimbaji huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hutumia neno moja la jumla kwa mawele, wimbi na nafaka nyingine ndogo, kisha hulipambanua kwa vivumishi. Mfasiri mwenye haraka huandika mtama kila anapolikuta neno hilo. Kwa kosa hilo moja, matokeo ya Pemba yanabadilika: mawele yanatoweka, na nafaka nyingine inapewa karne tatu za historia isiyo yake. Vivyo hivyo, mwandishi wa Kenya anayeandika ndengu na mwandishi wa Tanzania anayeandika choroko wanapaswa kuhakikisha kuwa wanataja mbegu moja. Wimbi na ulezi nazo zinahitaji uangalifu huohuo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba punje ya kale huhifadhiwa na moto usio na hewa, hukusanywa kwa maji, hutambuliwa kwa ulinganishaji wa alama kadhaa, na huaminiwa baada ya kupimwa umri wake yenyewe. Yameonyesha pia kuwa ushahidi huo umeipa pwani historia ya chakula ambayo maandishi yaligusia tu: mawele kabla ya mpunga huko Pemba, nafaka za Asia Komoro na Madagaska, na kunde magharibi mwa Kenya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Linalobaki ni wajibu wetu. Kinu na mchi vinaachiwa nafasi na mashine ya kukobolea, na vijana wengi wanaosoma Kiswahili chuoni hawawezi kutofautisha wishwa na chenga. Maneno haya yakipotea, tutalazimika kuieleza historia ya chakula chetu kwa istilahi za kukopa ilhali tulikuwa na zetu. Inapendekezwa, kwa hivyo, kwamba wanafunzi wanaofanya utafiti nyanjani wayakusanye majina ya nafaka, ya sehemu za punje na ya hatua za utayarishaji, wakiandika kwa kila jina lahaja, mahali na sampuli ya mbegu iliyokusudiwa. Mkusanyo wa aina hiyo utamfaa mwanaleksikografia. Utamfaa vilevile mtafiti aliyeinama juu ya hadubini, akiwa na punje nyeusi mbele yake ambayo bado haina jina.